Nilivyoanguka Barabara ya Dunga: Uchambuzi wa Mbio za Kilomita 21

Nilipopata fahamu, Mwalimu, mwenzangu wa mbio, aliniambia nilikuwa nikihesabu vifungo. Nilikuwa nimelala chali kando ya barabara ya kwenda Dunga, Kisumu, fulana imelowa maji ya barafu yenye harufu ya samaki, na midomo yangu bado ilikuwa inaendelea: thelathini na moja, thelathini na mbili. Mimi ni fundi cherehani wa Nakuru. Januari yote nilikuwa nimeshona sare za shule, na shati moja la sare huchukua vifungo saba. Mwili ulikuwa Kisumu, akili imesharudi dukani.

Ilikuwa Jumapili, mwishoni mwa Februari, saa 3:22 asubuhi, kwenye mita ya 400 baada ya kibao cha kilomita 17. Nina miaka 43, kilo 62, sina presha wala kisukari, na hizo zilikuwa mbio zangu za tisa za kilomita 21. Nayataja haya mapema kwa sababu karibu kila aliyeniuliza habari alitafuta ugonjwa wa siri, au alidhani nilikuwa mgeni wa mbio. Kisa hiki nimekiunga kutokana na rekodi ya saa yangu ya mkononi, maelezo ya watu watatu waliokuwepo, na kumbukumbu yangu mwenyewe, ambayo tangu kilomita ya 16 hadi nilipoamka ni tupu kabisa.

Kwa wiki mbili niliamini kilichoniangusha kilikuwa pale pale Dunga. Baada ya kuisoma rekodi ya saa mara nyingi, nina hakika nilianza kuanguka Mamboleo, dakika chache baada ya bunduki kulia, wakati nilijisikia vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu ya kukimbia.

Pumzi ya ziwani

Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Kikundi chetu cha watu 14 hukutana Milimani saa 11:30 alfajiri na kupanda upande wa Menengai, na ikifika Julai tunavaa glavu. Kisumu iko mita 1,131. Tofauti hiyo ya mita 700 ina maana kubwa kwa mkimbiaji, kwani kila pumzi unayovuta ukiwa ziwani hubeba oksijeni zaidi kwa karibu asilimia 9 kuliko pumzi ya Nakuru. Wenzangu waliotangulia kushuka kule walikuwa wameniambia, ukikimbia Kisumu utadhani umeongezewa pafu la tatu. Walisema kweli. Ila hakuna aliyeniambia kuwa pafu hilo halipozi damu.

Tulisafiri Jumamosi kwa matatu, kupitia Mau Summit na Kericho. Mau Summit tulikuwa tumefunga madirisha kwa baridi. Tuliposhuka Awasi na kuingia uwanda wa Ahero, hewa ya dirishani ikawa kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa. Nikavua jaketi, kisha sweta, na tukacheka. Hiyo ndiyo iliyokuwa siku yangu yote ya kuzoea joto: saa 15 hivi, na nyingi kati ya hizo nililala, tena nililala vibaya. Mwili unahitaji kati ya siku 7 na 14 za kufanya kazi katika joto ndipo ujifunze kutoa jasho mapema, kulitoa kwa wingi na kubana chumvi isipotee nalo. Sisi tunaoishi Nakuru huwa tunadhani kwamba kwa vile Kenya yote iko karibu na ikweta, sote ni watu wa jua. Anayefanya mazoezi kwa nyuzi 12 za alfajiri ya Menengai ni mtu wa baridi, hata awe amezaliwa wapi.

Mazoezi yenyewe yalikuwa pungufu. Msimu wa sare hauniachii nafasi. Wiki tatu za Januari nilikimbia mara mbili tu kwa wiki, na mbio ndefu zaidi zilikuwa za kilomita 14. Nalitaja kwa sababu ni kweli, lakini sioni kama ndilo lililonilaza chini. Mazoezi pungufu huleta miguu mizito na maumivu ya mapaja. Hayamfanyi mtu ahesabu vifungo.

Jambo la mwisho kabla ya mbio: saa 11 alfajiri goti la kushoto lilikuwa linanisumbua, na mwenzangu wa chumbani akanipa kidonge cha diclofenac, dawa ya maumivu. Nilikimeza bila kufikiri, kama ninavyoona wengi wakifanya. Nitakirudia.

Dakika 70

Mbio zilitangazwa kuanza saa 12:30 asubuhi. Ni saa nzuri sana kwa Kisumu, kwa sababu Februari jua huwa halijachomoza bado, na upepo wa usiku kutoka nchi kavu unakuwa haujakata. Saa 12:15 tulikuwa tumeshapanga mstari Mamboleo, namba vifuani, viatu vimefungwa.

Tulianza saa 1:40.

Tulikuwa tunamsubiri mgeni rasmi. Kila dakika kumi kipaza sauti kilisema yuko njiani. Katikati ya kungoja, kijana mmoja alipanda jukwaani kutuongoza kucheza ili tupashe misuli moto, na sisi, kwa kukosa la kufanya, tukaruka na kupiga makofi kwa nusu saa nzima. Nilikuwa nimeshatoa jasho kabla ya kukimbia hatua moja. Chupa yangu ya maji iliisha saa 1. Kutoka mstarini kwenda kutafuta nyingine ni kupoteza nafasi, kwa hiyo nilibaki.

Nataka kulitazama jambo hili kwa makini, kwani ndilo linalozungumzwa kama usumbufu mdogo tu. Kasi niliyopanga ilikuwa dakika 5 na sekunde 50 kwa kilomita. Kwa kasi hiyo, na kwa saa iliyotangazwa, ningevuka mstari wa mwisho saa 2:33, jua likiwa bado chini na vivuli vya miti vikiwa virefu barabarani. Badala yake, saa 3:22 nilikuwa bado nina karibu kilomita nne mbele yangu. Huku kwetu ikweta jua halipandi kwa kuzunguka pembeni. Likishachomoza linakwea moja kwa moja, karibu nyuzi 15 za anga kila saa, na ikifika saa 3 limeshaacha kupiga ubavuni, linapiga utosini na mabegani. Simu ya Mwalimu ilionyesha nyuzi 26 nilipoanguka. Mtu akisikia 26 anasema hilo si joto. Kwa aliyekaa kibarazani, si joto. Kwa anayekimbia juani kwa saa moja na dakika arobaini katika hewa yenye unyevu wa ziwa, ni jambo jingine.

Katika Olimpiki ya Tokyo, marathoni ya wanawake ilifanyika Sapporo tarehe 7 Agosti 2021. Jioni ya kuamkia siku hiyo waandaaji walitangaza kwamba mbio zitaanza saa 12 asubuhi badala ya saa 1, kwa sababu ya joto. Peres Jepchirchir alishinda kwa 2:27:20, Brigid Kosgei akawa wa pili. Wale ni wanariadha waliokuwa wamejiandaa kwa miaka, wana madaktari wao, na bado wakasogezewa saa ili wakimbie kukiwa na baridi. Sisi mafundi, walimu, wauguzi na wanafunzi tulisogezwa upande wa jua, tena kwa dakika 70, ili mtu apeperushe bendera. Nilipoelewa hesabu hii nilikasirika, na hasira hiyo sijaiacha.

Kilomita tano nzuri kuliko zote

Barabara kutoka Mamboleo hadi Kondele na kuendelea mjini inateremka polepole. Watu walikuwa wengi, ngoma zinalia, watoto wanatoa mikono wapigwe kofi. Kilomita ya kwanza nilikimbia kwa 5:18. Niliitazama saa na kuona nimezidisha, na nakumbuka vizuri nilivyojijibu: lakini sihemi. Hilo ndilo lililokuwa kipimo changu miaka yote. Nakuru, ukizidisha kasi, pumzi inakukatalia papo hapo, huhitaji saa wala mwalimu. Kisumu pumzi haikunikatalia. Nikachukua ukimya wake kuwa ruhusa.

Kilomita tano za kwanza zilikwisha kwa dakika 27 na sekunde 5, wastani wa 5:25. Kumi za kwanza kwa 54:40. Rekodi yangu bora ya kilomita 21, niliyoiweka Nakuru, ni 2:04:10, yaani 5:53 kwa kilomita. Maana yake nilifika kilomita ya 10 dakika nne mbele ya siku yangu bora kuliko zote, katika mwezi ambao sikuwa nimefanya mazoezi vizuri, katika mji ambao sijauzoea, saa nzima baada ya wakati uliopangwa.

Mwili unaokimbia ni jiko. Sehemu kubwa ya nguvu inayochomwa, zaidi ya robo tatu, haigeuki kuwa mwendo. Inageuka kuwa joto. Mtu hutumia takriban kalori moja, zile zinazoandikwa kwenye pakiti za chakula, kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita. Kwa kilo zangu 62 na kasi ya 5:25, hizo ni kalori karibu 690 kwa saa, na kati yake zaidi ya 500 ni joto tupu ambalo lazima litoke. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoa kalori 580 hivi. Kwa hiyo nilihitaji karibu lita nzima ya jasho ikauke kila saa. Neno ni *ikauke*. Jasho linalodondoka chini halipozi chochote, na ukiwa kando ya ziwa, hewa ikiwa imeshiba maji, mengi hudondoka. Nilikuwa nadondokwa. Fulana ilinishika mwilini, viatu vikawa vinatoa sauti ya tope, na nikajiambia mwili unafanya kazi yake.

Kati ya 5:25 na 5:50 tofauti ya joto linalozalishwa ni asilimia 8 tu. Inaonekana ndogo. Lakini kama jiko linatoa zaidi ya kile ngozi inaweza kukitoa, ziada hiyo haipotei, inajilimbikiza kilomita baada ya kilomita kama maji kwenye mtaro ulioziba, na mwenyewe huioni hadi ifurike.

Catherine Ndereba alikimbia marathoni ya Chicago mwaka 2001 kwa 2:18:47, wakati huo ikiwa rekodi ya dunia. Mwaka 2007, kwenye mashindano ya dunia ya Osaka, katika joto kali, alishinda dhahabu kwa 2:30:37. Karibu dakika 12 zaidi, na akashinda. Alilipunguzia joto lile kasi kabla halijamdai. Miaka 12 baadaye, mashindano ya dunia yalipofanyika Doha, marathoni ya wanawake ilianza usiku wa manane kukwepa jua, na bado kati ya wanawake 68 walioanza, 28 hawakumaliza. Ninazirudia habari hizi mbili kila ninapokutana na mkimbiaji wa kawaida anayeniambia amepanga kuvunja rekodi yake Kisumu au Mombasa.

Maji

Kila mtu anayesikia kisa hiki anasema: ulikosa maji. Waandaaji wenyewe, nilipowaandikia, walijibu kuhusu maji pekee. Kweli yalikosekana. Kilomita ya 5 nilipata chupa, nikanywa nusu. Kilomita ya 10, tukiwa tumegeuka karibu na njia ya uwanja wa ndege kwenye barabara ya Busia, meza ilikuwa na katoni tupu. Kule hakuna kivuli, na kwa kuwa tulikuwa tunarudi mjini, jua lote lilikuwa usoni. Kituo kilichofuata nilikikuta na chupa chache, kijana wa kujitolea akinigawia mafunda mawili kwa kifuniko kama dawa. Naye hakuwa na kosa, alikuwa anagawa alichoachiwa.

Hata hivyo sikubali kwamba maji ndiyo kiini. Kukauka hufanya joto lipande haraka zaidi, hilo halina ubishi. Lakini ningekunywa lita mbili na kuendelea na kasi ile, bado ningekuwa jiko lile lile. Ambacho kingenisaidia zaidi kilomita ya 10 ni ndoo ya maji ya kujimwagia kichwani na kutembea dakika tatu. Tena kunywa kupita kiasi kuna hatari yake. Utafiti uliofanywa kwa wakimbiaji 488 wa marathoni ya Boston ya mwaka 2002 ulikuta asilimia 13 wana chumvi ya sodiamu pungufu kwenye damu, na waliokuwa hatarini zaidi ni waliokunywa hadi wakaongezeka uzito njiani. Nilipofikishwa kwenye hema la huduma ya kwanza nilihimizwa ninywe chupa tatu mfululizo, na nilizinywa. Bahati yangu kwamba nilikuwa kweli nimekauka.

Wingu ambalo halikuwepo

Karibu kilomita ya 14, tukiwa Milimani ya Kisumu, nilisikia baridi. Vinyweleo vya mikono vilisimama. Nikafikiri jua limeingia mawinguni, nikashukuru. Nimewauliza wote waliokimbia siku ile: hapakuwa na wingu. Kama kuna sehemu moja ya kisa hiki ambayo ningependa kila mkimbiaji aijue, ni hii. Baridi na vinyweleo kusimama katikati ya jua ni dalili kwamba mwili umeanza kushindwa na joto. Mimi niliifasiri kuwa nafuu na nikajaribu kuongeza kasi.

Miguu haikukubali. Kilomita ya 16 ni 6:31, ya 17 ni 7:20. Mwalimu, mzee wa miaka 61 aliyestaafu kufundisha na ambaye hukimbia nyuma yangu kwa kasi moja isiyobadilika, alinikuta pale. Anasema aliniuliza, “Dada, uko sawa?” nami nikamtazama kama mtu nisiyemjua. Nilikuwa nayumba kutoka ukingo hadi katikati ya barabara. Akanishika mkono, nikamsukuma. Halafu nikageuka na kuanza kukimbia kurudi tulikotoka.

Kwa nini sikusimama mapema? Nilikuwa nimelipa ada ya shilingi 1,500, nauli, na kitanda. Kwa fundi, hizo ni siku kadhaa za cherehani. Na kulikuwa na medali, ambayo hupewi usipofika. Mkimbiaji wa kulipwa akijisikia vibaya anaweza kuacha ili ashinde mahali pengine mwezi ujao. Sisi tunaolipa ili tukimbie tunaona kuacha ni hasara maradufu.

Barafu ya mbuta

Aliyenisimamisha ni mama anayeuza samaki kando ya barabara. Mwalimu anasema alitoka nyuma ya meza yake, akanikumbatia kwa nguvu kiunoni na kusema, “Nyathina, bed piny.” Mwanangu, kaa chini. Nikakaa, nikalala, nikaanza kuhesabu.

Watu walijaa. Ambulensi ilikuwa mbele, ikiwafuata wanaoongoza, ambao kwa wakati huo walikuwa wameshamaliza zamani. Bodaboda ikaletwa, na mpango ukawa nibebwe mshikaki, mtu mbele yangu na mtu nyuma, hadi hospitali. Hapo akatokea kijana mwenye namba ya mbio kifuani, akasimamisha mbio zake, akasema yeye ni muuguzi na kwamba sitapandishwa pikipiki. “Tumpoze kwanza. Hospitali baadaye.” Walibishana naye. Mtu hajitambui, ananyimwa vipi hospitali? Mama akakata shauri: akavuta boksi lake la mbuta, akatoa samaki juu ya gunia, na barafu yote na maji yake yakamwagwa juu yangu. Leso zake mbili zikaloweshwa na kufunikwa kifuani na mapajani, zikibadilishwa kila zilipopata moto. Vijana wakanipepea kwa vipande vya katoni. Ilichukua dakika 15 hivi kabla sijajibu jina langu.

Yule kijana alikuwa sahihi, na usahihi wake ndio ulioniokoa. Joto la ndani ya mwili likizidi nyuzi 40 na akili ikaanza kuyumba, hicho ndicho wanachokiita kiharusi cha joto, na kinachoamua nini kitakupata ni dakika ngapi umebaki umeungua. Kanuni ni kupoza ndani ya nusu saa, hapo hapo, kabla ya kusafirisha. Njia bora ni kumtumbukiza mtu kwenye beseni au tanki la maji yenye barafu hadi shingoni, kichwa kikishikiliwa juu. Katika mbio za barabarani za mji wa Falmouth, Marekani, kwa miaka 18 walihudumia wakimbiaji 274 waliopata hali hii kwa kuwatumbukiza hivyo. Wote 274 waliishi.

Hema la huduma ya kwanza nililopelekwa baadaye halikuwa na beseni wala barafu. Lilikuwa na kipimajoto kile cha kuelekezwa kwenye paji la uso, tulichokizoea milangoni wakati wa Korona. Kilisoma 37.8. Niliambiwa ni uchovu tu, nikapewa glukosi, nikaruhusiwa kwenda. Kipimo cha paji la uso, tena paji lililotoka kumwagiwa barafu, hakiwezi kusema lolote kuhusu joto lililo ndani. Kwa mtu aliyeanguka mbioni kipimo cha kuaminika ni cha njia ya haja kubwa, na haya ndiyo mambo ambayo hema linapaswa kuwa limejiandaa nayo, pamoja na pazia la kumsitiri mtu. Kwa hiyo namba yangu halisi haikuandikwa popote. Ninachoegemea ni kuchanganyikiwa kwangu. Mchovu anajua yuko wapi.

Jioni, tukiwa Kericho kwenye matatu ya kurudi, nilishuka kujisaidia na mkojo ulikuwa rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Kesho yake nilikwenda hospitali Nakuru. Daktari alipima damu, akakuta misuli imeumia na figo zimeelemewa, akaniuliza kitu ambacho hakuna mtu Kisumu aliniuliza: ulimeza dawa gani? Nilipomtajia diclofenac alinyamaza kidogo. Akaeleza kwamba dawa za kundi hilo, ibuprofen ikiwa miongoni mwake, hupunguza damu inayofika kwenye figo, na mtu anayekauka kwa jasho huku misuli ikivunjika ndiye hasa asiyefaa kuzimeza. Nilitiwa dripu, nikarudia kipimo baada ya wiki, figo zikawa zimerudi. Nilikatazwa kukimbia kwa mwezi mzima, na baada ya hapo nianze kwa kutembea.

Baada ya hapo

Aprili nilirudi Kisumu kwa matatu, peke yangu, kumrudishia mama leso zake. Nilikuwa nimezifua na kuzishonea pindo upya, kwa sababu moja ilikuwa imechanika wakati wa vurugu zile. Alikuwepo pale pale. Nilimlipa barafu, na samaki wa siku ile ambao najua hakuwauza wote. Alikataa pesa ya barafu, akachukua ya samaki. Nilimuuliza alijuaje la kufanya. Akasema amelelewa Ahero, kwenye mashamba ya mpunga, na tangu utotoni ameona watu wakilazwa kwenye mfereji wa maji wakianza kuongea maneno yasiyoeleweka saa za jua. Kwao hilo halihitaji daktari wa kulieleza.

Waandaaji niliwaandikia kurasa mbili. Niliomba mbio zianze saa iliyotangazwa, mgeni rasmi awepo au asiwepo, na awe anatoa medali mwishoni badala ya kupeperusha bendera mwanzoni. Niliomba ambulensi ya pili ibaki nyuma, na tanki moja la maji ya barafu liwekwe kilomita ya 17 na jingine mwishoni. Jibu lilikuja la mistari minne, la heshima, likiahidi chupa zaidi za maji. Nimewaandikia tena.

Kwenye kikundi chetu tumebadilisha machache. Hakuna tena kugawiana vidonge alfajiri. Mwenye goti linalouma anatembea au anabaki. Anayeshuka ziwani anaanza kwa 6:20 kama kasi yake ni 5:50, na asiiongeze hadi kilomita ya 10, hata pumzi imwambie nini. Wanaokimbia wawili wawili wanaulizana swali kila kilomita tatu, swali linalohitaji hesabu ndogo, kwa mfano bei ya mita mbili na nusu za kitambaa. Asiyejibu anashikwa mkono.

Na tunasafiri na beseni. Ni lile kubwa la plastiki la kufulia, linakaa nyuma ya matatu pamoja na shuka mbili, na tukifika mjini mtu mmoja anakwenda kwa wauza samaki kununua barafu ya shilingi 200. Mwezi uliopita tulikwenda nalo Kakamega. Mbio zilianza kwa wakati, asubuhi ilikuwa na mawingu, na sote 11 tulimaliza tukiwa tunajitambua. Barafu ilikuwa imeshayeyuka. Tukakaa kuzunguka beseni kwenye nyasi, tukavua viatu, tukatia miguu kwa zamu.